Shahada ya Baiolojia Bila Msimu Mzima Kazini? Mzazi, Hiyo ni Nusu Bei



Umeuza ng'ombe au magunia ya mahindi ili mtoto asome baiolojia chuo kikuu. Hongera. Sasa akirudi likizo mwulize: katika miaka yako mitatu, utafanya kazi kwa vitendo muda gani, na mwezi gani?

Mara nyingi jibu litakuwa wiki nane hivi, chuo kikifungwa, kati ya Julai na Septemba. Nasema wazi kwamba haitoshi. Tena kwetu tunaopata mvua mara moja kwa mwaka, huo ndio wakati mbaya kuliko wote.

Mwezi wa nane shambani kuna nini? Mabua. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini mwaka 2017, hukamilisha maisha yake kwa takribani siku 30 kukiwa na joto: yai, kiwavi, buu ardhini, nondo. Mwanafunzi anamchora vizuri kwenye mtihani, lakini Januari, mdudu anapokula moyo wa mhindi na kuacha kinyesi kama unga wa mbao, yeye yuko darasani. Anamkosa kila mwaka hadi anavaa joho.

Ghalani ni vilevile. Agosti anakuta mahindi mapya, masafi. Dumuzi anafanya uharibifu wake miezi ya baadaye, mwanafunzi ameshaondoka. Na sumukuvu haionekani kwa macho wala haiishi kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Huyo ndiye adui anayemhitaji mtu wa baiolojia anayejua kuchukua sampuli ghalani.

Uingereza vyuo vingi vina shahada ya baiolojia ya miaka minne badala ya mitatu. Mwaka wa tatu mwanafunzi anakwenda kazini, maabara au kituo cha utafiti, kisha anarudi kumalizia masomo. Sisi ambao chakula chetu kinategemea viumbe hawa tunaridhikaje na wiki nane?

Utaniambia mwaka wa nne ni gharama. Kweli. Lakini hesabu miaka ambayo wahitimu wanakaa nyumbani, au "wanajitolea" bila posho ili wapate uzoefu. Mwaka huo unalipwa tu. Afadhali ulipwe mtoto akiwa bado na mwalimu wa kumsahihisha.

Wengine watasema afisa ugani wa stashahada anaionea wivu shahada. Hapana. Nataka wenye shahada wengi zaidi, ila wanaoweza kukusaidia wewe.

Wala sitaki mwaka wa kutumwa chai na kupiga fotokopi. Mwanafunzi awe na msimamizi, kazi iliyoandikwa, na daftari linalosainiwa kila wiki.

Wakati tunadai mabadiliko, fanya haya:

1. Kabla ya kuchagua chuo, uliza mafunzo kwa vitendo ni wiki ngapi, miezi gani, na nani anamtembelea mwanafunzi.
2. Kama mtoto ana mkopo, mwulize kuhusu fedha za mafunzo kwa vitendo. Bodi ya Mikopo ina kipengele hicho.
3. Aombe nafasi mapema kwenye vituo vya TARI, kama Uyole, Ilonga au Naliendele, au kwenye ghala la ushirika.
4. Mwanafunzi akija kijijini kwako, usimwache akae ofisini. Mfungulie ghala, mwonyeshe shamba, mwulize maswali magumu.
5. Kwenye mkutano wa kijiji, mwambie diwani na mbunge: tunataka wanafunzi wa sayansi wakae nasi kuanzia kupanda hadi kuuza.

Wewe humlipi kibarua wa msimu kwa kupalilia siku moja. Basi usikubali chuo kikurudishie mtaalamu wa viumbe ambaye hajawahi kuona msimu ukianza na kuisha.