STAA, BEETLE HAIWAKI KWA MATUSI! MUACHE FUNDI WA WATU

Gumzo la mjini wiki hii ni ile klipu. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kasimama pembeni ya Volkswagen Beetle yake anamporomoshea fundi matusi: mwizi, kala hela, gari haliwaki. Fundi, mtu mzima wa kuitwa baba, kainamisha kichwa na bisibisi mkononi. Mashabiki wakamalizia kazi. Namba yake ya simu ikasambazwa, na wateja wakaanza kufuata magari yao gereji, mengine hata hayajaisha kutengenezwa.

Sasa ukweli. Hiyo Beetle ilikaa miezi minne bila kuwashwa. Ilitolewa siku moja ya kupigia picha, ikarudishwa chini ya turubai. Gari la kabureta ukiliacha hivyo unategemea nini? Betri inajiishia yenyewe. Petroli inakauka na kuacha uchafu unaoziba vitundu vya kabureta. Pointi za kwenye distributa zinashika kutu. Hapo hata aletwe fundi kutoka Wolfsburg, itagoma tu.

Na kuichunguza wala si uchawi, maana haina kompyuta. Inataka umeme wa kuzungusha stata, cheche kwenye plagi na petroli kwenye kabureta.

Stata ikilia "tik" na kunyamaza, nyanyua kiti cha nyuma, betri ipo hapo chini. Vichwa vyake vikiwa na unga mweupe, safisha, kaza. Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6, ikisoma 11 na kitu, hiyo imelala.

Stata inazunguka vizuri lakini wapi? Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, chuma chake kiguse injini, mwenzako apige stata. Usipoona cheche, kagua pointi: zisafishwe, nafasi yake iwe milimita 0.4. Cheche ikiwepo, ndipo uende kwenye petroli: pampu, filta na mipira. Usianze na petroli halafu ukapima cheche, la sivyo utabaki na majivu.

Watu wa pale gereji wanasema mzee aliomba hela ya pointi, plagi na mpira wa petroli mapema kabisa. Akajibiwa, "We washa tu, kuna kazi." Hela ya rimu mpya ilikuwepo. Hela ya mpira wa petroli haikuwepo! Halafu mwizi ni nani?

Kuna watakaosema mafundi wezi wapo. Wapo kweli, wanaochomoa spea nzima na kupachika mbovu. Dawa yao ni risiti na kudai urudishiwe spea ya zamani uione kwa macho. Klipu haijawahi kumkamata mwizi wa spea. Inamshushia heshima mtu asiye na mashabiki wa kumtetea.

Tena mafundi wa aina yake wanazidi kupungua. Beetle ya mwisho ya aina hiyo ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na vijana wengi gereji wamezoea magari ya kompyuta. Mkimfukuza mjini mzee anayeijua kabureta kwa kusikiliza tu muungurumo wake, hizo klasiki zenu zitabaki mapambo ya kufugia kuku.

Staa kapata watazamaji, mzee kakosa mkate. Afute ile klipu, aombe radhi kwa sauti ileile aliyotukania, na deni la gereji alilipe. Halafu gari ama aliwashe na kuliendesha kila wiki, ama amuuzie anayelipenda hata pale kamera isipokuwepo.

Wadau, mnasemaje? Au na nyinyi mlimtukana mzee wa watu?