Oili ya Injini Haihesabiwi kwa Kilometa Peke Yake

Upungufu wa petroli na dizeli ulipozidi hapa nchini, hasa katika miaka ya 2024 na 2025, magari mengi ya familia za Bujumbura yaliishi maisha ya ajabu. Gari lilikaa uani majuma matatu, likaamka siku moja kwenda kupanga foleni kwenye kituo cha mafuta, likasogea hatua ishirini, likazimwa, likawashwa tena, kisha jioni likarudi nyumbani kulala. Mwenyewe alipotazama saa ya kilometa akaona hazikuongezeka hata 50, akafurahi moyoni kwamba oili yake ingali mpya. Furaha hiyo haikuwa na msingi, na yafaa tueleze kwa nini.

Oili haikuwekwa katika injini kwa ajili ya kulainisha vyuma tu. Huchukua joto kutoka kwenye pistoni, huziba mwanya mdogo uliopo kati ya ringi na silinda, na hubeba masizi mpaka kwenye chujio. Sasa petroli inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Injini iliyopata moto barabara huukausha mvuke huo na kuutoa nje. Lakini injini iliyowashwa dakika tano ikazimwa haikuwahi kufikia moto huo. Maji hubaki ndani, pamoja na petroli kidogo isiyoungua iliyoteremka kandokando ya pistoni. Masalia hayo yakichanganyika huzaa asidi inayokula beringi polepole, na petroli ile huifanya oili iwe nyepesi, kama mchuzi ulioongezwa maji kwa sababu wageni wamezidi. Rangi ya mchuzi ipo, ladha yake haipo.

Magari yaliyojaa mjini kwetu, Probox na nduguze, ni Toyota zilizokwisha kutumika Japani. Usukani uko upande wa kuume, na kitabu cha matunzo, kama hakikupotea njiani, kimeandikwa Kijapani. Nchini humo kiwanda huruhusu gari la petroli lisilo na tabo kwenda kilometa 15,000 au mwaka mmoja kabla ya kubadilishiwa oili. Baadhi ya watu wamesikia habari hiyo wakaishika kama sheria. Hawakuambiwa kwamba kiwanda hichohicho huagiza kugawa kwa mbili, yaani kilometa 7,500 au miezi 6, ikiwa gari linafanya kazi ngumu. Na kazi ngumu kwa maelezo yake ni safari fupi fupi, barabara mbovu na milima. Tena hapo inakusudiwa oili iliyo bora na injini iliyo nzima.

Je, sisi tuna nini kingine zaidi ya hayo? Mji wetu uko kiasi cha meta 800 juu ya usawa wa bahari. Bugarama iko juu ya meta 2,000, na kutoka hapa kwenda huko hakufiki kilometa 40. Dereva wa teksi aliyejaza abiria, na magunia nyuma, huipanda barabara ile kwa gia ndogo muda wote, injini ikivuma na oili ikichemka. Kilometa moja ya kupanda Bugarama si sawa na kilometa moja ya kwenda Gatumba kwenye tambarare, ingawa saa ya gari huziandika kwa tarakimu zilezile.

Kwa hiyo, kwa magari ya umri wa haya yetu, yanayotumia oili ya kawaida ya madini, kadiri ninayoiona kuwa ya haki ni kilometa 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia. Gari linalopanda milima kila siku lisipite 4,000. Teksi inayokwenda kilometa 120 kwa siku humaliza 5,000 katika majuma sita tu, na mwenye teksi hiyo hana haja ya kutazama kalenda. Kalenda ni ya yule mwenye gari linalolala. Chujio nalo libadilishwe pamoja na oili, kwani kumwaga oili safi juu ya chujio chafu ni kumvika mtoto nguo mpya bila kumwogesha.

Jambo hili linazigusa hasa nyumba za askari. Burundi ilianza kupeleka majeshi Somalia mwezi Desemba 2007, na wapo waliorudi na akiba wakanunua gari, wakalitia katika kazi ya teksi ili lisomeshe watoto. Baba yuko kambini au zamu ya mbali, dereva huleta hesabu jioni, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kufungua boneti. Dereva akisema oili imebadilishwa, imebadilishwa. Injini ikifa, karo hufa pamoja nayo.

Mama wa nyumbani aweza kulisimamia jambo hili bila kuwa fundi. Asubuhi, kabla gari halijawashwa, likiwa limesimama mahali pa sawasawa, achomoe kijiti cha oili, akipanguse kwa kitambaa safi, akirudishe mpaka mwisho, kisha akichomoe tena. Oili yapasa kuwa kati ya alama mbili. Tofauti ya alama hizo katika magari madogo aghalabu hukaribia lita moja. Ikipungua, iongezwe, bali kuongeza si kubadilisha. Ikizidi hali hakuna aliyeongeza, na inanuka petroli, basi imeingiliwa na petroli. Ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa kwenye kijiti, maji yameingia, pengine gasketi imeungua: gari lisiwashwe mpaka fundi alione. Weusi peke yake usimtishe, maana oili ya injini ya dizeli, ile tuiitayo hapa mazutu, huwa nyeusi siku chache tu baada ya kubadilishwa. Aandike katika daftari tarehe na kilometa za siku ya kubadilisha. Dereva mwaminifu hatachukia daftari hilo.

Mafundi wa Buyenzi, ambao wengi huiita kazi hii vidanji kwa kufuata Kifaransa, huifanya kwa muda usiofika nusu saa. Afadhali injini iwe na moto kidogo ili uchafu utoke pamoja na oili. Probox ya petroli huhitaji kiasi cha lita 3 na nusu hadi 4. Nunua kopo lililofungwa, lifunguliwe mbele ya macho yako, na likiisha litoboe kwa msumari, lisije likajazwa oili ya jana na kuuzwa tena. Oili ya kupimwa kutoka kwenye pipa mimi siiamini, hata muuzaji akiapa.

Limebaki suala la oili chafu. Mitaro yetu huteremka ziwani, na Regideso huchota katika Ziwa Tanganyika maji tunayokunywa. Ziwa hilo lina kina cha meta 1,470 mahali palipo pa chini kabisa, na maji yake hutoka polepole mno kwa mto mmoja tu, Lukuga. Oili chafu itiwe katika dumu lenye kifuniko na kupelekwa kwa fundi anayekusanya. Wengine huipaka nguzo za ua dhidi ya mchwa. Wafanyao hivyo wasiiguse kwa mikono mitupu, kwa kuwa oili iliyotumika ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi, na watoto wasichezee nguzo hizo. Dumu lililowahi kutiwa oili lisirudi tena jikoni, hata likioshwa mara saba kwa sabuni.