Rushwa ya Uchaguzi Ina Mlango Wake

Kila uchaguzi unapokaribia tunasikia hotuba ileile: wananchi wasiuze kura, wagombea wamwogope Mungu, vijana wawe wazalendo. Ni maneno mema. Lakini kwangu mimi, hotuba hizo ni sawa na kumlaumu samaki kwa kuingia demani, huku msukaji wa dema akiachwa aendelee kusuka.

Nianze na hesabu ndogo ninayowapa wanafunzi wangu. Chukua jimbo la kubuni lenye wapiga kura 100,000, ambalo chama kimoja kina hakika ya kulishinda. Uchaguzi wa kweli wa jimbo hilo haufanyiki siku ya kupiga kura. Hufanyika wiki kadhaa kabla, pale wajumbe 600 wa chama wanapokutana kupiga kura za maoni. Mwenye fedha hana haja ya kuwashawishi watu 100,000. Anahitaji wajumbe 301, ambao orodha yao anaweza kuipata na milango yao anaweza kuibisha usiku. Kununua umma ni gharama kubwa. Kununua ukumbi mmoja kunawezekana.

Aliyekataa kutoa bahasha, akashindwa, hana pa kwenda. Katiba yetu inataka kila mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Hata akishapata kiti, mbunge anayepoteza uanachama hupoteza na ubunge. Je, tunashangaa akiwatii zaidi waliomfungulia mlango kuliko waliompigia kura?

Mlango huu haukufungwa kwa bahati mbaya. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, ilimruhusu mgombea binafsi. Bunge likaharakisha kurekebisha Katiba ili kumzuia. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikamruhusu tena; mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema suala hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, ikaamua kwamba katazo hilo linakiuka haki. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilimkubali mgombea binafsi. Mlango ungali umefungwa.

Badala yake tumehangaika na bahasha. Mwaka 2000 tuliihalalisha hongo kwa jina tamu la takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoifuta mwaka 2006. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Siipingi sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba inamfukuza mtoaji mmoja mmoja, huku ikiuacha ukumbi wenye bei palepale ulipo.

Wapo watakaosema dawa ni kuongeza wapiga kura za maoni. CCM ilifanya hivyo mwaka 2010, ikawashirikisha wanachama wa kawaida, na malalamiko ya rushwa hayakwisha. Kupanua ukumbi kunapandisha gharama ya kuununua, lakini maadamu njia ni hiyo moja tu, wapo watakaoimudu gharama hiyo.

Japani inatufundisha jambo. Kwa miongo mingi majimbo yake yalitoa wabunge kadhaa kila moja, na mpiga kura alikuwa na kura moja. Wagombea wa chama kimoja walishindana wao kwa wao. Kwa kuwa sera yao ilikuwa moja, wakashindana kwa fedha na fadhila. Baada ya mfululizo wa kashfa, ikiwamo ya Recruit iliyolipuka mwaka 1988, nchi hiyo ilibadili mfumo wa uchaguzi mwaka 1994. Rushwa haikutoweka Japani. Lakini Wajapani walikubali kwamba kanuni za mchezo ni sehemu ya kosa.

Nasi tukubali. Mgombea binafsi si malaika, na atakuja na fedha zake. Ila uwepo wake unamnyima mjumbe ukiritimba wa kuuza tiketi, na unampa mwananchi nafasi ya kumchagua yule ambaye ukumbi ulimkataa kwa kuwa mikono yake ilikuwa mitupu. Anayetuhubiria uadilifu huku akiulinda mlango huo, na atueleze kwanza: ushuru unaolipwa hapo unakwenda kwa nani?