Wakala Hana Miguu

Wanafunzi wengi ninaosoma nao masomo ya mitandao ya kompyuta hapa Kampala wanaandika miongozo, na safari hii hawamwandikii mtu. Wanamwandikia wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa lengo kwa maneno ya kawaida, kisha inachagua zana yenyewe na kutuma amri kwenye ruta na swichi. Simpingi wakala. Ninaipinga miongozo hii. Inaeleza zana inaweza kufanya nini, basi. Haisemi zana itaharibu nini, wala hali ya awali itarudishwaje.

Chukueni mfano ambao mafundi wa swichi za Cisco wanaujua vizuri. Kebo moja inayounganisha swichi mbili hubeba mitandao midogo mingi, iitwayo VLAN: ya uhasibu, ya maabara, ya simu, ya kamera. Ukitaka kuongeza VLAN 20 kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kupita, ndani ya amri lazima uweke neno "add". Ukiliacha, swichi hailalamiki. Inaelewa kwamba umetaka VLAN 20 peke yake ipite, na nyingine zote zinafungiwa papo hapo. Ikiwa wewe mwenyewe uliingia kupitia mojawapo ya hizo zilizofungiwa, umejifungia nje na funguo umeziacha ndani.

Fundi husita kabla ya kutuma amri kama hiyo. Husita kwa sababu swichi iko Mbarara na yeye yuko Kampala, na akikosea kinachomngoja ni basi la usiku, ngazi ya kuazima, na mlango ambao mlinzi hajui ufunguo wake anao nani. Wakala hana miguu, wala hapandi basi. Kusita huko hatukufundishwa darasani. Tunakupata kwa wakubwa zetu kazini, kwa kukemewa. Kusipoandikwa, wakala atakupata wapi?

Wenzangu hunijibu kwamba mashine imekwisha kusoma miongozo ya watengenezaji wote, kwa hiyo kuiandikia maonyo ni kuijazia maneno. Hoja hii ni nusu. Habari ya neno "add" huenda imeisoma, nakubali. Jengo letu haijalisoma. Haijui kwamba swichi ya ghorofa ya pili ndiyo inayopitisha mawasiliano ya zahanati, ingawa kwenye mchoro imeandikwa "stoo". Habari hiyo imo kichwani mwa fundi mmoja mtu mzima, na hakuna aliyewahi kumwomba aiandike.

Wengine husema mfumo wa ukaguzi utaizuia amri mbaya. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa takriban saa sita. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba katika matengenezo ya kawaida ilitumwa amri ya kupima uwezo wa mtandao wake mkuu, na amri hiyo ikakata mawasiliano yote ya mtandao huo. Zana ya kukagua amri ilikuwepo. Ilikuwa na kasoro, ikaipitisha. Mwishowe watu walilazimika kwenda kwa miguu yao hadi kwenye vituo vya data. Na hao walikuwa na mafundi wa kuwatuma! Sisi kituo kizima kina kijana mmoja, naye Ijumaa huenda kwao.

Hata waliobuni njia za kumpa wakala zana wameliona jambo hili. Itifaki ya MCP, iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, iliongezewa mwaka 2025 alama za kueleza kama zana inasoma tu au inaweza kuharibu. Lakini alama hizo ni dokezo. Anayezijaza ni mwandishi wa zana, na akiwa mvivu, au akitaka zana yake ionekane haina madhara, atajaza atakavyo.

Kwa hiyo ninadai amri za kutazama zitengwe na za kubadilisha, katika kurasa mbili tofauti. Kila amri ya kubadilisha iandikiwe inamkata nani, inatenguliwa vipi, na nani aulizwe kwanza kwa simu. Tena waraka uwe mmoja, ule ule atakaoushika kijana wa kituoni mtandao ukizimika, kwa lugha anayoisoma bila kukisia.

Njia za kutengua zipo tayari. Kwenye vifaa vya Juniper kuna amri ya "commit confirmed": mabadiliko yanaanza kufanya kazi, na usipoyathibitisha ndani ya dakika 10, kifaa kinarudi chenyewe kwenye mpangilio wa zamani. Ukijifungia nje, unasubiri tu. Wenzangu wameniletea miongozo mitatu ya vifaa hivyo niipitie. Amri hiyo haimo hata katika mmoja.