Joho Halimvunjii Heshima Ian Curtis

Mwaka 2013 msanii wa Brazil anayejiita Butcher Billy aliwachora waimbaji wa panki na wa kizazi kilichoifuata, akiwemo Ian Curtis wa Joy Division, wakiwa na mavazi ya mashujaa wa vitabu vya katuni. Picha za aina hii hulaumiwa kwa hoja moja iliyozoeleka: muziki mbadala ulizaliwa kuipinga biashara, katuni ni bidhaa ya watoto, na kuvichanganya ni kuuchafua muziki.

Hoja hiyo imeisahau historia.

Andy Warhol alimchora Superman mwaka 1961. Miaka sita baadaye mkono uleule ulichora ndizi kwenye jalada la albamu ya kwanza ya Velvet Underground, bendi inayotajwa mno kuwa chimbuko la muziki mbadala. Nani basi kavamia nyumba ya nani? Bendi ya Misfits ilitoa fuvu la nembo yake kwenye filamu ya mfululizo ya 1946, The Crimson Ghost. Wanamuziki watatu wa bendi ya Bauhaus walipounda kundi jipya, walilipa jina la katuni ya akina Hernandez, Love and Rockets. Katuni nazo zilikopa: mhusika John Constantine aliingia katika katuni ya Swamp Thing mwaka 1985 na sura ya mwimbaji Sting, kwa kuwa wachoraji walitamani kumchora. Hata jalada la Unknown Pleasures, albamu ya Joy Division, ambalo mashabiki hawataki liguswe, ni mchoro wa mawimbi ya nyota uliotoka kwenye ensaiklopidia ya astronomia. Mbunifu wake, Peter Saville, aligeuza tu weusi na weupe.

Lipo pingamizi zito zaidi. Curtis aliteswa na kifafa, akajiua mwaka 1980 akiwa na miaka 23. Mtu aliyeumia hivyo avikwe joho?

Avikwe. Kwa muda mrefu mchana wake ulipita katika ofisi ya ajira ya Macclesfield, akiwasaidia watu wenye ulemavu kupata kazi. Usiku alipanda jukwaani akawa mtu mwingine kabisa. Clark Kent, yaani Superman asipovaa joho, naye ni mwajiriwa mwenye maisha mawili na udhaifu anaouficha. Mchoraji aliyeuona mfanano huo amemsoma Curtis kwa makini kuliko anayemlaumu.

Za kukemewa zipo, tena tele: sura maarufu iliyobandikwa juu ya kifua chochote chenye nembo, ikachapwa kwenye fulana. Huo ni uvivu wa mchoraji, na katuni haina hatia.