Mbunge wa Kijijini Apimwe kwa Maneno Yake



Bunge linapofunga kikao chake, wabunge waliochaguliwa vijijini hurudi katika teritware zao, na mapokezi huwa yale yale. Ngoma hupigwa, hotuba husomwa, kisha gari la mbunge hufunguliwa: fulana za mpira kwa vijana, vitenge kwa akina mama, chumvi na sabuni kwa wazee, na pengine mabati kwa ajili ya kanisa dogo la kijiji. Jioni ikifika watu huulizana, "Ametuletea nini?" Aliyeleta vingi husifiwa kuwa mbunge mwema, aliyeleta vichache huitwa mchoyo. Nasema wazi kwamba swali hilo ni baya, na kwa kulirudia miaka nenda miaka rudi tumejitengenezea wabunge mabubu. Swali lifaalo ni hili: "Ulisema nini Kinshasa kuhusu riziki yetu?"

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa mtu hawezi kumdai mtumishi asichokijua. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inalipa Bunge kazi mbili kubwa: kutunga sheria, na kuisimamia Serikali pamoja na mashirika na huduma za umma. Kwa kazi hizo kuna vikao viwili vya kawaida kila mwaka. Cha kwanza huanza tarehe 15 Machi na kwisha tarehe 15 Juni. Cha pili huanza tarehe 15 Septemba na kwisha tarehe 15 Desemba, nacho ndicho cha bajeti. Hakuna mahali Katiba inapomwagiza mbunge kugawa chumvi. Bali ibara ya 107 inasema kwamba mbunge hawezi kushtakiwa, kukamatwa wala kuhukumiwa kwa sababu ya maoni au kura aliyoitoa katika kutimiza kazi yake. Lifikirini jambo hilo. Taifa limejenga ukuta kuuzunguka ulimi wa mbunge ili aseme bila woga. Halikujenga ukuta kuuzunguka mkono wake ugawao zawadi. Basi ulimi ndio chombo chake cha kazi, kama jembe kwa mkulima na chaki kwa mwalimu. Mbunge anayekaa miaka mitano bila kusimama katika mjadala wowote unaohusu uchumi wa watu wake amelitundika jembe ukutani msimu wote wa kulima.

Najua jibu litakalokuja haraka: maneno hayaliwi, na maneno matupu hayavunji mfupa. Methali hiyo ni ya kweli, lakini inasema juu ya maneno matupu. Neno linaloingia katika sheria si tupu, na sisi tunaoishi katika nchi ya shaba na kobalti tungepaswa kulijua hilo kuliko wengine.

Tazameni Sheria ya Madini. Ile ya tarehe 11 Julai 2002 ilisema kwamba malipo ambayo kampuni hutoa kwa ajili ya madini iliyochimba, yale tuyaitayo redevansi, yagawanywe hivi: asilimia 60 kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, na asilimia 15 kwa mji au teritware ambako uchimbaji unafanyika. Mgawanyo ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Lakini sheria hiyo hiyo ilisema kwamba fedha zote zilipwe kwanza katika Hazina ya Serikali, kisha Hazina ndiyo igawe. Kwa miaka mingi majimbo na teritware zililalamika kwamba mafungu yao hayafiki. Sheria iliporekebishwa na kutangazwa tarehe 9 Machi 2018, mabaraza yote mawili ya Bunge yakiwa yameijadili na kuipitisha, mgawanyo ukawa asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta, usultani, komuni au mji wenye machimbo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni ikaamriwa kulipa fungu la jimbo na fungu la usultani moja kwa moja katika akaunti zao.

Angalieni vizuri, kama mwanafunzi anavyoangalia hesabu ubaoni. Fungu la chini lilikuwa asilimia 15 mwaka 2002; likabaki asilimia 15 mwaka 2018. Halikuongezeka hata kidogo. Kilichobadilika ni njia ambayo fedha zinapita, na njia hiyo ilibadilishwa na sentensi chache tu. Je, ni fulana ngapi za mpira zingelingana na sentensi hizo? Wala msiniambie kwamba sentensi hizo ziliandikwa uwanjani, katikati ya ngoma na vifijo. Sheria hupita katika kamati na katika mjadala, mahali ambapo mbunge wetu ama anasema, ama anasinzia.

Nichukue jambo la pili, lililo karibu zaidi na sufuria zetu. Katika Katanga ya zamani, ambayo tangu mwaka 2015 imegawanywa kuwa majimbo manne, bukari ndiyo chakula cha kila siku. Hata hivyo sehemu kubwa ya mahindi na unga unaoliwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi hupita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2023, mahindi ya Zambia yalipopungua mpakani, bei ya unga ilipanda mpaka familia nyingi zikapunguza milo. Jimbo lenye madini yanayotafutwa na dunia nzima lilikaa likingojea malori ya jirani. Nasi tunazo ardhi na mvua, tunao wakulima Kasenga, Pweto, Mitwaba na Malemba-Nkulu. Mara nyingi kinachokosekana ni barabara ya kutoa gunia shambani, mbegu inayofika kabla ya mvua, na njia isiyojaa vizuizi vya watoza ushuru.

Hapo ndipo mbunge wa kijijini anapotakiwa kusimama. Lakini kusimama peke yake hakutoshi. Kuna mchango wa aina hii: "Mheshimiwa Rais wa Bunge, watu wangu wanateseka, naiomba Serikali iwaangalie." Hayo ni maombolezo, na waziri huyajibu kwa kusema kwamba amepokea. Mchango wa kweli una mambo matatu. Kwanza unataja mahali: barabara ipi, kutoka kijiji kipi hadi soko lipi, ni daraja lipi lililovunjika. Pili unataja hesabu: lori hutumia siku ngapi wakati wa mvua, gunia hununuliwa franka ngapi shambani na kuuzwa franka ngapi mjini, mwenye baiskeli hulipa mara ngapi njiani, na nani humpa risiti. Tatu unataja dawa pamoja na gharama yake, kwa sababu Katiba haimruhusu mbunge kupendekeza matumizi mapya bila kuonyesha mapato au akiba itakayoyalipia. Mbunge asemaye "tupeni barabara" hajasema kitu. Mbunge asemaye "punguzeni fungu hili la matumizi ya ofisi, fedha ziende katika barabara hii" amewalazimisha wenzake wapige kura mbele ya taifa.

Vifaa vingine anavyo. Ibara ya 138 inampa swali la mdomo au la maandishi, swali kuhusu jambo la sasa, haki ya kumwita waziri ajieleze mbele ya Bunge, na tume ya uchunguzi. Asiyevitumia asiseme kwamba hana uwezo.

Wapo watakaosema: yeye ni mmoja kati ya 500, na wengi wameshaamuliwa na vyama vyao namna ya kupiga kura. Ni kweli kwamba sauti moja haishindi kura. Lakini kura si matunda pekee ya mjadala. Katiba inaagiza kwamba vikao vya Bunge viwe vya hadharani, na kwamba kumbukumbu za mijadala zichapishwe. Neno lililosemwa pale limeandikwa; waziri aliyelisikia hawezi tena kusema hakujua. Tena, ili kuwasilisha hoja ya kumwondoa waziri mmoja, inatosha saini za sehemu moja ya kumi ya wabunge, yaani 50. Wabunge wa vijijini wakikubaliana juu ya barabara na mahindi, je, hawafiki 50 katika nchi yenye teritware 145?

Wengine, hasa wabunge wenyewe, watakimbilia ibara ya 101: mbunge anawakilisha taifa zima, na hakuna mpiga kura awezaye kumfunga kwa maagizo. Sawa kabisa. Lakini kizuizi cha ushuru huko Mitwaba kinapandisha bei ya bukari Lubumbashi, na njaa ya Lubumbashi inaondoa fedha za kigeni ambazo taifa zima linazihitaji. Anayetetea gunia la mkulima analitetea taifa. Ibara hiyo inamlinda mbunge dhidi ya kununuliwa na kulazimishwa. Haikuandikwa ili imfiche asiye na la kusema.

Na wapo wa mwisho, ambao hoja yao inaniuma zaidi: watu ni maskini, mkono mtupu haulambwi, na chumvi ya leo ni afadhali kuliko barabara ya kesho. Siwezi kumcheka mama anayepokea sabuni, anaihitaji. Lakini tumuulize anayetoa: kwa nini mama huyu, mwenye shamba na mikono yenye nguvu, hana franka ya kununua sabuni? Ni kwa sababu mihogo yake ilioza ikingoja lori. Zawadi inaupoza uchungu ambao ungemfanya aulize. Mbunge anayejua hivyo na kuendelea kugawa ananunua ukimya wetu, tena kwa bei rahisi sana. Sisi tunaouza tunapaswa kuionea aibu bei hiyo.

Kwa hiyo nawageukia ninyi. Makundi ya vijana, kwaya na timu za mpira ndiyo yanayoongoza kuandika barua za kuomba fulana, ngoma na mipira. Acheni kuandika barua hizo. Andikeni nyingine. Kabla ya tarehe 15 Septemba, kila kundi lichukue daftari na lihesabu yaliyo katika mazingira yake: vizuizi vya ushuru kati ya kijiji na soko, kiasi kinacholipwa katika kila kimoja, siku ambazo mazao hukaa njiani, bei ya shambani na bei ya mjini. Mahali palipo na machimbo, muulizeni mkuu wa sekta au sultani fungu la asilimia 15 liliingia kiasi gani mwaka uliopita na likafanya nini, maana sheria nzuri iliyopatikana Kinshasa inaweza kufia ofisini kijijini. Andikeni mliyoyaona kwa macho yenu, bila kuongeza chumvi na bila matusi, kisha mpeni mbunge nakala mbele ya watu. Na mbunge wa jimbo apewe nakala yake, kwa kuwa ushuru mwingi wa njiani hujadiliwa katika baraza la jimbo.

Atakaporudi likizo, mwacheni atoe ripoti yake, kwa heshima anayostahili. Kisha mmoja wenu asimame, afungue daftari, na amwulize maswali matatu: Ni tarehe gani ulisema juu ya mambo haya? Waziri alijibu nini? Ulipigaje kura juu ya bajeti? Akijibu vizuri, mpigieni makofi hata kama amekuja mikono mitupu. Akikosa jibu, mrudishieni fulana zake zikiwa zimekunjwa vizuri, na daftari mlitunze mpaka siku ya uchaguzi.