Kitu Tusichoweza Kukieleza Hugeuka Pambo

Uzuri wa mkakasi, walinena wahenga, ndani kipande cha mti. Methali hii ilinijia akilini muhula uliopita nilipokuwa nikifundisha somo la tafsiri. Nilikuwa nimewaagiza wanafunzi walete, kila mmoja, matini fupi ya kiufundi aliyoiteua mwenyewe. Kijana mmoja alileta tangazo la vifaa vya magari ya kifahari, na kifaa kilichosifiwa humo kuliko vyote kilikuwa difyuza ya nyuma iliyoundwa kwa nyuzi za kaboni. Aliifasiri bila kusita kuwa "kitawanya hewa cha nyuma cha nyuzi za kaboni". Wenzake wakampigia makofi. Nami nikamwuliza swali dogo tu: "Hicho kitawanya hewa hufanya kazi gani?" Akatabasamu, akainamisha kichwa, akajibu: "Kwa kweli sijui, Mwalimu. Lakini kinapendeza."

Nikaligeuzia darasa zima swali hilo. Humo mlikuwa na vijana waliofuzu somo la fizikia katika mtihani wa kidato cha nne kwa alama za kutamanika. Waliweza kuikariri kanuni ya Bernoulli kwa Kiingereza, neno kwa neno. Hapana hata mmoja aliyeweza kuihusisha na kile kipande cheusi kilicho chini ya bampa la nyuma. Msichana mmoja alituambia kwamba kaka yake alikwisha kununua difyuza ya namna hiyo, akaibandika kwenye gari lake dogo, na tuta la kwanza la barabarani likaing'oa nusu. Tulicheka sote. Baadaye, nilipokuwa nikirejea ofisini, niliona kwamba kicheko kile kilitustahili sisi walimu zaidi ya yule kaka.

Mpenzi msomaji, hebu kwanza tukifahamu kifaa chenyewe. Magari yanayohusika huitwa kwa jina la Kiitaliano, Gran Turismo, yaani magari ya safari kuu. Ni magari ya watu wenye nafasi, yaliyokusudiwa kuvuka nchi nzima kwa kasi kubwa huku abiria wakistarehe kama waliokaa sebuleni. Bentley Continental GT, linaloundwa katika mji wa Crewe nchini Uingereza tangu mwaka 2003, ni mfano mmoja mashuhuri. Gari kama hilo likifikia kilomita 200 kwa saa, hewa huacha kuwa kitu cha kupuuzwa. Hewa inayopita juu ya paa lililobinuka huharakisha, shinikizo lake hupungua, na mwili wa gari huelekea kuinuliwa. Magurudumu nayo huanza kupoteza mshiko wake barabarani.

Hapo ndipo difyuza inapoingia kazini. Hewa inayopita baina ya sakafu ya gari na barabara hubanwa katika njia nyembamba. Mkondo uliobanwa hukimbia, na mkondo unaokimbia hupungukiwa na shinikizo. Hilo ndilo jambo alilolieleza Daniel Bernoulli katika kitabu chake cha mwaka 1738. Lakini hewa hiyo haina budi kutoka nyuma ya gari na kuungana tena na hewa tulivu ya nje. Ikitoka kwa ghafla huvurugika, ikafanya vimbunga vidogo vidogo vinavyolivuta gari nyuma. Difyuza huipa njia inayopanuka taratibu kuelekea juu. Kadiri njia inavyopanuka, ndivyo mkondo unavyopunguza mwendo na shinikizo lake linavyorejea. Kwa sababu hiyo hewa iliyo chini ya sakafu huweza kukimbia zaidi, shinikizo la chini likapungua zaidi, na gari likavutwa kuelekea barabarani. Mbavu zilizosimama wima ndani ya difyuza huuelekeza mkondo na kuulinda usichafuliwe na hewa iliyovurugwa na magurudumu.

Yapo masharti, na masharti hayo ndiyo yanayotenganisha kifaa na pambo. Kwanza, sakafu ya gari sharti iwe laini. Ikiwa chini kunaning'inia mabomba na vyuma, mkondo hufika nyuma ukiwa umekwisha kuvurugika. Pili, mwinuko wa njia usizidi kiasi, kwa maana ukiwa mkali mno hewa huachana na uso wa difyuza na faida yote hutoweka. Tatu, pawe na kasi. Nguvu hii huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu huongezeka mara nne. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kiwango ambacho sheria zetu zinaruhusu mijini, hupata sehemu moja tu kati ya 16 za nguvu ambayo lingeipata likienda kilomita 200. Dereva wa Ujerumani, ambako baadhi ya sehemu za barabara kuu hazina ukomo wa mwendo, huenda akafaidika. Mwenzake aliye katika msongamano wa Nairobi atafaidika kwa sura tu.

Na hizo nyuzi za kaboni je? Hewa haijui kaboni wala plastiki. Huijua sura tu. Sifa ya kaboni ni nyingine. Uzi mmoja wake una unene wa takriban sehemu 7 za elfu ya milimita, mwembamba sana kuliko unywele. Nyuzi hizo hufumwa kama kitambaa, hulazwa katika kalibu, hulowekwa gundi iitwayo epoksi, kisha huokwa chini ya shinikizo kubwa, mara nyingi katika joto la kati ya nyuzi 120 na 180 za Selsiasi. Kinachopatikana ni kitu kigumu kisichopinda kwa urahisi, ambacho sentimita moja ya ujazo ina uzito wa takriban gramu 1.6, ilhali ya feleji ina gramu 7.8. Mwaka 1981 kampuni ya McLaren iliingiza mashindanoni gari la kwanza la Formula 1 lenye kiwiliwili cha nyuzi za kaboni, lililobuniwa na John Barnard. Mwaka huo huo, huko Monza, dereva John Watson aligonga kizuizi cha kando ya njia kwa kishindo hata injini ikang'oka, naye akatoka ndani ya gari akitembea kwa miguu yake. Tangu siku hiyo waliokuwa wakitilia shaka kaboni walipungua.

Lakini tuwe wakweli. Gari la Continental GT kwa kawaida lina uzito unaozidi kilo 2,200. Kilo chache zinazookolewa kwa kuunda difyuza kwa kaboni badala ya plastiki ni kama kumtoa punje mfukoni mtu aliyebeba gunia la mahindi. Mnunuzi wa gari hilo analipia, kwa sehemu kubwa, ustadi wa mkono na urembo wa ule mfumo wa nyuzi. Sina ugomvi naye. Mali ni yake. Ugomvi wangu ni juu ya mtu anayelipia urembo akidhani amenunua nguvu. Na ugomvi mkubwa zaidi ni juu ya elimu inayomwacha mtu huyo bila njia ya kutofautisha viwili hivyo.

Turudi basi kwenye tafsiri ya yule kijana. Aliposema "kitawanya hewa" alikuwa ametafsiri neno, asitafsiri kitu. Jina la Kiingereza lilichipuka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kumwaga na kueneza, na kwa hakika linaweza kumfanya mtu afikiri juu ya kutawanya. Lakini kifaa hiki hakitawanyi hewa huku na huko. Kazi yake ni kuipanulia njia kwa utaratibu ili isitawanyike hovyo. Jina "kitawanya hewa" linaeleza takriban kinyume cha ukweli. Baada ya darasa kuuelewa mkondo ule, kwa michoro ubaoni na kwa karatasi tuliyoipuliza kwa midomo, msichana mwingine aliyekuwa kimya tangu mwanzo alipendekeza neno "kipanuzi". Hakuna aliyemfundisha. Lugha yenyewe ilikuwa imekwisha kumwekea tayari kiambishi ki- cha vifaa, kitenzi panua, na kielelezo cha maneno kama kiyoyozi. Kilichokosekana kilikuwa kuelewa, na alipoelewa neno lilijileta.

Sisemi kwamba mafundi wa jua kali waache kusema difyuza. Breki, gia, injini na bampa ni maneno ya kukopa, nasi tunayatumia bila aibu kwa kuwa kila fundi anajua breki hufanya nini. Neno la kigeni lenye maana iliyoeleweka ni mwananchi kama mwananchi mwingine yeyote. Neno linalonitia hofu ni lile tunalolibandika kwenye ulimi kama yule kaka alivyobandika kipande chake kwenye gari: linang'aa, halijafungwa kwenye kitu chochote, na tuta la kwanza litaling'oa.

Baadhi ya wasomaji watasema haya ni mambo ya wanaisimu wasio na kazi. Nawaomba wakumbuke kisa cha mwaka 2009. Msimu huo wa Formula 1, timu tatu, yaani Brawn, Toyota na Williams, zilikuja na difyuza ya ghorofa mbili. Wapinzani wao, Ferrari, Renault na Red Bull wakiwa miongoni mwao, walilalamika kwamba imekiuka kanuni. Shauri likafika mbele ya mahakama ya rufani ya FIA mwezi wa Aprili. Mabishano hayakuhusu kasi ya gari hata kidogo. Yalihusu namna ya kusoma maneno ya kanuni: je, uwazi ulio katika sakafu ya gari ni tundu lililokatazwa, au ni nafasi tu iliyo baina ya nyuso mbili? Majaji wakaamua kwamba vifaa hivyo ni halali. Jenson Button akatwaa ubingwa wa madereva mwaka huo, na timu ya Brawn ikatwaa ule wa waundaji. Ubingwa wa dunia ulikuwa umepita katika tundu la sindano, na tundu hilo lilikuwa maana ya neno.

Wengine watauliza: katika nchi yenye shule zinazosomea chini ya mti, difyuza ya gari la tajiri inatuhusu nini? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba kanuni inayolivuta gari la tajiri barabarani ndiyo hiyo inayoyang'oa mabati ya paa la maskini wakati wa dhoruba. Upepo upitao kwa kasi juu ya paa hupunguza shinikizo la juu, hewa iliyotulia ndani ya nyumba ikasukuma, na mabati yakaruka. Mtoto anayeielewa difyuza anaweza kumweleza babaye kwa nini paa lilienda, na kwa nini misumari ya pembeni mwa paa haipaswi kufanyiwa ubahili. Lakini ataieleza kwa lugha gani? Kanuni iliyohifadhiwa kichwani kwa Kiingereza cha mtihani haishuki kwa urahisi hadi kwenye baraza la nyumbani.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu. Wewe unayefundisha fizikia, ukimaliza kanuni ya Bernoulli, tenga dakika 10 uwaambie wanafunzi waieleze kwa Kiswahili kama wanaomweleza nyanya yao. Mtaala hautavunjika, na utagundua mara moja ni nani aliyeelewa na ni nani aliyekariri. Nawe unayefundisha Kiswahili, usiishie kwenye methali na barua rasmi. Walete darasani breki, pampu ya maji, na hata difyuza, uwatake wanafunzi waandike insha ya kueleza jinsi kila kimoja kinavyofanya kazi. Mwenzako wa fizikia asahihishe ukweli, wewe usahihishe lugha. Walimu wawili kusahihisha insha moja si jambo lililozoeleka katika shule zetu, lakini sijaona kanuni yoyote inayolikataza.

Kwenu wanafunzi, neno langu ni fupi. Kabla ya kununua kitu, na kabla ya kutumia neno, uliza: hiki hufanya kazi gani? Ukijibiwa kwa neno jingine usilolielewa, uliza tena. Usione haya. Yule kijana aliyeleta tangazo alikuwa na ujasiri wa kusema "sijui", na kutokana na jibu hilo darasa letu lilipata vipindi viwili vya elimu ambayo haikuwa katika ratiba. Mwisho wa muhula aliniletea tafsiri yake upya. Alikuwa amelifuta neno "kitawanya", akaandika "kipanuzi", na chini yake akaongeza sentensi tatu za kueleza njia ya hewa kutoka mbele hadi nyuma. Kisha akaongeza ya nne, ambayo haikuwamo katika tangazo: kwamba kifaa hiki hakina faida yoyote kwa gari lenye sakafu isiyo laini. Kama mfasiri, hakuwa na ruhusa ya kuiongeza. Nilimwekea alama ya kosa, kisha nikampa alama zote.